Mgongo wa Mwaisha

Mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Morogoro, mavuno ya Tegetero yalikuwa mengi kupita kiasi, na ndiyo yaliyomvunja Mwaisha mgongo. Shamba lilikuwa lake, maana huku kwetu milimani ardhi hushikwa na ukoo wa mama. Lakini kwake kuwa mwenye shamba hakukuwa na maana nyingine zaidi ya kubeba. Alibeba mahindi kutoka bondeni. Alibeba maji, akabeba kuni, akabeba wajukuu. Alipomaliza ya kwake, kaka yake mkubwa Mikidadi, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo, akamwita amsaidie na ya kwake, kwa sababu wake zake wawili walikuwa wamenuniana na hakuna aliyekubali kutwanga unga ambao mwenzake angeula.

Mumewe, Stambuli, alikuwa mtu mpole. Huwezi kumwita mvivu. Alikuwa na imani tu kwamba kazi ikiachwa bila kusumbuliwa itampata mtu wake, na kila mara ilikuwa ikimpata Mwaisha.

Asubuhi moja akiwa ameinama kupuliza moto, kitu kikakatika kiunoni. Hakuweza kuinuka. Alibaki vile vile mbele ya mafiga mpaka mama yake, Bi Mwanaheri, alipokuja kwa kupapasa, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia, akamkuta na kumuuliza anatafuta nini chini. Walimkanda kwa majani ya moto siku tatu. Siku ya nne akashika fimbo, akateremka mjini peke yake, taratibu, kwenda kumwona bwana mganga wa Kijerumani.

Bwana mganga hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kilosa kwenye kambi za reli. Alikuwepo msaidizi wake, mtu wa Bagamoyo mwenye tarbushi na mikono baridi. Alimbonyeza Mwaisha mgongo mahali pawili, akasema, "Umebeba sana."

"Nimebeba," Mwaisha akakiri.

"Basi pumzika siku mbili tatu."

Dawa ya kuchua ilikuwa imekwisha. Yule msaidizi akatoka kwa mlango wa nyuma, akavuka ua, akakawia kidogo, akarudi na kopo la dawa nyeusi yenye kunuka lami na kafuri. Kopo lilikuwa limekuja na karatasi yake, akalifunga kwa karatasi hiyo hiyo. "Usijipake karibu na macho," akasema.

Mwaisha alifika Tegetero jua limeshaanza kupungua. Barazani kwake walikuwa wamekaa wanaume wanne, Stambuli na Mikidadi wakiwemo, na jikoni moto ulikuwa umezimika. Wote wakamtazama kwa matumaini. Stambuli alikuwa amekwisha hata kunawa mikono.

Mikidadi ndiye aliyeiona karatasi. Ilikuwa na mhuri wa ndege wa Kaizari, mabawa yametandazwa, na chini yake mistari ya maandishi yaliyolala upande. Tegetero walimjua yule ndege. Karatasi zake zilikuwa zimekuja huko juu kwa mambo mawili tu, kodi na wapagazi, na mara zote mbili watu walikimbilia msituni.

"Hiyo karatasi ina nini?" aliuliza Mikidadi, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mwaisha alitaka kusema kwamba ni ya kufungia dawa. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ametembea tangu alfajiri, akautazama ule moto uliozimika, akaitazama mikono ya mumewe iliyokuwa bado inadondosha maji.

"Ni amri," alisema.

"Amri ya nani?"

"Ya bwana mganga. Nipumzike."

"Siku ngapi?"

"Mwezi." Lilimtoka lenyewe, na mwenyewe likamshtua. Lakini kwa kuwa hakuna aliyecheka, akaendelea. "Nisibebe kitu, nisipike, nisiiname. Na nikae mjini karibu na boma, wapate kuniangalia."

Mikidadi aliishika karatasi kwa ncha za vidole. Akaigeuza juu chini, akairudisha. Pale barazani hapakuwa na mtu ajuaye kusoma hata jina lake.

"Na usipotii?" aliuliza Stambuli.

Mwaisha alimtazama yule ndege. "Hilo hakuniambia," akasema.

Hawakuuliza zaidi. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Bi Mwanaheri. "Mwezi ni mdogo. Ungemwomba miwili."

Kesho yake Mwaisha akafunga kanga zake mbili na kopo la dawa. Karatasi akamwachia kaka yake. "Kaa nayo wewe," alimwambia. "Akida wa serikali akipita akauliza niko wapi, mwonyeshe." Mikidadi akaiweka ndani ya msahafu wa marehemu baba yao, na kuanzia siku hiyo hakulala vizuri.

Mwezi wa Rajabu ulikuwa ndio umeandama. Mjini, njia ya kwenda Msamvu, alikaa Hidaya, rafiki yake Mwaisha tangu walipokuwa wasichana wanachota maji kijito kimoja. Mume wa Hidaya alikuwa fundi kwenye reli, anajenga kuelekea magharibi, na alikuwa harudi mpaka mwezi wa Ramadhani. Nyumba ilikuwa na nafasi na Hidaya alikuwa na upweke. Alipoambiwa habari ya amri, alikaa chini kwenye jamvi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Shoga," alisema, "na mimi nisomee. Imeandikwa mgonjwa apewe nini?"

"Bado sijaamua," Mwaisha akajibu.

Siku tano za kwanza alilala. Alilala kama mtu anayelipiza kisasi. Alikuwa akishtuka alfajiri kwa mazoea, anatafuta mtungi kwa mguu, halafu anakumbuka na kujifunika tena. Siku ya sita Hidaya akamwambia kwamba kulala kumetosha, sasa waanze kazi.

Na ilikuwa kazi kweli. Kila asubuhi Hidaya alichemsha maji ya mchaichai na mrehani, akamwogesha, akamchua mgongo kwa ile dawa nyeusi, ambayo ilikuwa kali kiasi cha kumtoa Mwaisha machozi lakini ilimnyoosha kama ukuti. Baada ya hapo alimpaka liwa usoni, akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kumsuka. Nywele za Mwaisha hazikuwa zimesukwa vizuri tangu harusi ya binti yake. Ilichukua siku mbili, kwa sababu kila jirani aliyepita alisimama kutoa maoni, na Hidaya alikuwa na tabia ya kuunga maneno kuliko nywele.

Alasiri walijifukiza udi, wakavaa, wakaenda stesheni kutazama gari la moshi likija. Hawakuwa wakimngoja mtu. Wanawake wengi wa mjini walifanya hivyo siku hizo. Palikuwa ni mahali pa kuonyesha kanga mpya na kuona nani ameteremka na nani. Mwaisha mara ya kwanza alikimbia filimbi ilipolia, akapoteza kiatu kimoja. Mara ya pili alisimama imara. Mara ya tatu alikuwa anawaeleza wageni kutoka Mlali kwamba hakuna haja ya kuogopa.

Ijumaa walikwenda kumwona Rekha, mke wa Chandulal mwenye duka la nguo. Rekha alikuwa na mkono wa hina usio na mfano mjini kote, na alikuwa na hamu ya kuongea, maana mumewe alikuwa dukani kutwa na mama mkwe wake alikuwa kiziwi. Alifundishwa na Hidaya kupika kisamvu, naye akawafundisha kukaanga vitumbua vya dengu vilivyowachoma wote watatu ndimi. Wakati mwingine walikaa tu, wanatafuna tambuu, wanamsikiliza Chandulal akibishana na wateja upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wakibahatisha nani atashinda. Rekha kila mara alibahatisha kwamba atashinda mteja.

Mwaisha hakuwa na raha muda wote, na ni haki kulisema hilo. Kutoka uani kwa Hidaya milima ilionekana yote, bluu, na asubuhi wingu lilikaa juu yake kama kilemba. Wakati mwingine aliacha kucheka katikati akatazama huko, akajiuliza nani amempa mama yake uji. Mara mbili alifunga kanga zake. Mara zote mbili Hidaya alizifungua, akazichovya majini akasema zina uchafu, na kanga mbichi haziwezi kusafiri.

Wiki ya tatu kundi la akina Hidaya walipata ruhusa ya boma kucheza ngoma yao alasiri, uwanja wa karibu na soko. Wanawake ishirini, wamevaa sare, wanapiga vipande vya pembe na kuyumba mabega. Mwaisha alikwenda kutazama. Akasogea mbele apate kuona vizuri. Akashikishwa pembe za mtu aliyekwenda kunywa maji, na yule mtu aliporudi hakurudishiwa.

Alikuwa katikati ya mstari, macho nusu yamefumba, wakati alipoitwa jina lake. Aliyeita alikuwa Yunusi, jirani yao wa Tegetero, aliyekuwa ameleta ndizi sokoni.

"Dada Mwaisha," alisema Yunusi, "si mgongo?"

"Ni mgongo," Mwaisha akajibu bila kuacha kuyumba. "Ndiyo dawa yenyewe. Imeandikwa."

Yunusi alikuwa mtu mkweli, na hilo ndilo lililokuwa balaa lake. Alipanda mlima jioni ile, na kesho yake alimweleza Mikidadi vile vile alivyoona, bila kuongeza wala kupunguza, akamwonyesha hata mabega yalivyokuwa yakienda.

Mikidadi alikuwa na sababu ya kukasirika. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa mwanzoni mwa Shaabani, kabla ya mfungo, na mipango yote ya mapishi aliijenga juu ya mgongo wa dada yake. Akaitoa karatasi kwenye msahafu. Akamchukua Stambuli, ambaye alisema haoni haraka iko wapi, amri ya serikali ni amri, na wakateremka wote wawili wamtafute Abasi.

Abasi alikuwa mtoto wa marehemu dada yao Mikidadi na Mwaisha. Mama yake alipofariki alilelewa na Mwaisha, akala kwake, akapelekwa shule ya serikali kutoka nyumbani kwake. Sasa alikuwa karani kwenye ghala la reli, kijana wa suruali nyeupe, anakisoma Kijerumani na kukiandika. Mikidadi alimkuta ghalani, akamwambia aje nao kwa Hidaya, kuna karatasi ya kusomwa mbele ya mhusika.

Mhusika wakati huo alikuwa uani kwa Rekha, nyuma ya duka, amepakwa hina mbichi viganjani na miguuni mpaka kwenye vifundo. Hidaya aliingia mbio.

"Kaka yako yuko kwangu. Na mumeo. Na Abasi, na karatasi."

Kunawa kusingewezekana, hina ingetoka na madoa, na Rekha alikataa katakata kazi yake ya asubuhi nzima iharibiwe. Basi Mwaisha akaenda hivyo hivyo. Alitembea kwa visigino, vidole vya miguu amevinyanyua, mikono ameitanua pembeni, hatua fupi fupi, uso umekunjwa kwa woga wa kugusa kitu. Hidaya alimshika kiwiko huku na Rekha kiwiko kule.

Mikidadi alikuwa amesimama barazani, maneno yake ameyapanga. Alipomwona dada yake anakuja hivyo, yalimpotea yote.

"Kumbe hali ni mbaya kiasi hiki," alisema polepole.

"Shikamoo kaka," Mwaisha akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Usiiname, usiiname. Na hayo matope?"

"Dawa," alisema Hidaya.

"Mgongo unauma, mnapaka miguuni?"

Hidaya alikuwa anauma midomo. Aliyejibu alikuwa Rekha, kwa utulivu mkubwa. "Baba, mishipa ya mgongo inaanzia chini. Kwetu hata watoto wanajua."

Mikidadi akakubali, kwa sababu lilikuwa jambo linaloweza kuwa kweli. Mwaisha akalazwa kwenye jamvi. Lakini karatasi ilikuwa imekwisha kuletwa, na Mikidadi hakuwa mtu wa kuteremka mlima bure. Akamkabidhi Abasi.

"Soma," akasema. "Soma kila kilichoandikwa. Na mimi ni mjomba wako, unajua."

Abasi akaifungua. Alisoma mstari wa kwanza kimya, na nyusi zake zikapanda. Akasoma wa pili. Akamtazama Mwaisha, aliyekuwa anatazama dari. Akakohoa, akatoa leso, akajifuta mdomo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imeandikwa Kijerumani cha ofisini," alisema. "Nitatafsiri taratibu. Inasema hivi. Mgongo wake umeumia kwa sababu ya kubebeshwa mizigo kupita nguvu zake."

"Kweli kabisa," alisema Hidaya.

"Kwa hiyo asibebeshwe mzigo wowote kwa muda wa wiki nne."

Mwaisha aligeuza kichwa. Alikuwa hajategemea hilo.

"Akandwe mgongo kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, kisha achuliwe dawa hii. Apewe chakula laini, na maji safi ya kutosha. Atembezwe kidogo kila alasiri, viungo visije vikakakamaa."

"Kutembezwa," Mikidadi akadakia, "si kuchezeshwa ngoma. Yunusi alimwona anacheza ngoma."

Abasi aliinamia karatasi. "Mjomba, hapa pameandikwa viungo vyote. Sasa ukitembea tu, mabega yanafanya nini?"

Stambuli alitikisa kichwa kukubali. Alionekana kupendezwa sana na hoja hiyo.

"Endelea," alisema Mikidadi.

"Asitengwe na wenzake, maana akiwa peke yake hudhoofika. Asipigwe kelele. Na akipiga mateke..." Abasi alisita.

"Akipiga mateke?"

"Akipiga mateke, aachwe kwanza mpaka atulie mwenyewe."

Mikidadi alinyoosha shingo aione karatasi. "Hilo la mateke nalo limeandikwa?"

"Limeandikwa, mjomba. Hapa. Naapa."

"Huyu mzungu," Stambuli akasema kwa heshima, "amemjua mke wangu kwa siku moja tu."

Mwaisha alifumba macho ili asimtazame mtu. Rekha alikuwa amejifunika ushungi uso mzima na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Mikidadi alidhani analia, akamwona ni mwanamke mwenye huruma.

"Wiki nne zikiisha," Abasi akamalizia, "arudishwe kazini kidogo kidogo, akianzia na mzigo mwepesi. Basi. Na sahihi."

Mikidadi akahesabu kwa vidole. Wiki nne zilikuwa zinaishia siku mbili kabla ya harusi. Kidogo kidogo, akianzia na mzigo mwepesi. Alihesabu tena kwa mkono mwingine, ikawa vile vile. "Nani atanipikia wageni?" aliuliza, na aliuliza kwa unyonge hasa, kiasi kwamba Mwaisha alimwonea huruma na nusura aseme.

"Una wake wawili, shemeji," alisema Stambuli.

"Hawasemeshani."

"Mmoja mpe sufuria, mwingine mpe mwiko," Stambuli akasema. "Watalazimika."

Hidaya aliwakaribisha wale, wakala, wakashukuru, wakaondoka. Abasi alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Walipopotea kwenye kona, Mwaisha aliinuka akaketi.

"Mwanangu," alisema, "Mungu akuweke. Umesema uongo mzuri kuliko wangu."

"Sikusema uongo, mama mdogo. Nimesoma kilichopo."

"Kimeandikwa hivyo?"

"Neno kwa neno. Ila mstari wa juu niliuruka." Akaifungua karatasi, akaweka kidole. "Hapa pameandikwa, nyumbu jike wa mizigo, nambari kumi na nne, mali ya boma. Haya ni maelekezo ya dawa ya nyumbu. Hiyo unayochuliwa ni ya nyumbu."

Hidaya alikwenda nje. Walimsikia akicheka mpaka kwa jirani. Mwaisha alikaa, viganja vyake vya hina amevielekeza juu, anafikiri.

"Na huyo nyumbu," aliuliza hatimaye, "alipona?"

Abasi hakujua. Lakini swali lilimkaa Mwaisha rohoni, na kesho yake hina ilipokauka na kuiva vizuri, alimwambia Hidaya kwamba hawaendi stesheni. Walikwenda mpaka nyuma ya boma, kwenye ua wa wanyama, wakachungulia kwenye uwazi wa ubao. Mtunza wanyama, mzee wa Kinyamwezi, aliwauliza wanataka nini. Hidaya akamwambia wanamtafuta nambari kumi na nne. Mzee hakushangaa, alionekana ni mtu aliyekwisha kuacha kushangaa siku nyingi. Akawaonyesha kwa kidevu.

Nyumbu alikuwa amesimama peke yake kivulini, mnene, manyoya yanang'aa, anatafuna pumba. Walikuwa wamempa wiki nne za kupumzika na baada ya hapo, akasema mzee, kila wakimtia mzigo analala chini. Hana kidonda, hana uvimbe. Analala tu. Bwana mganga wa wanyama ameandika aongezewe wiki nne nyingine, na hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Mwaisha alimtazama yule nyumbu, na nyumbu akamtazama, akaendelea kutafuna.

"Wewe mwanamke una akili," Mwaisha akamwambia. Hata hivyo yeye hakuomba wiki nne nyingine. Mama yake alikuwa huko juu, na harusi ilikuwa ya ukoo wake.

Walipanda pamoja, yeye na Hidaya, siku mbili kabla ya harusi, na Rekha aliwapa kikapu cha visheti vya kupeleka. Hidaya ndiye aliyebeba kikapu. Siku ya harusi, huko kwa Mikidadi mambo yalikwenda kama Stambuli alivyosema: mke mkubwa alishika sufuria zote, mke mdogo alishika miiko yote, na kwa asubuhi nzima walitazamana. Saa sita mchele ulianza kuungua. Mke mdogo akasema, "Leta huku." Yalikuwa maneno ya kwanza tangu mavuno. Jioni walikuwa wanamsema Mikidadi kwa sauti moja, na pilau lilikuwa na chumvi mara mbili kwa sababu kila mmoja alitia ya kwake. Wageni walikula, wakanywa maji mengi, wakasifu.

Mwaisha hakugusa chungu. Alikuja kama mgeni, nywele zimesukwa, viganja vyekundu, ananukia udi, na wanawake wa Tegetero walimzunguka wakitaka kugusa. Mzigo mwepesi aliopewa ulikuwa ni mwavuli wa bibi harusi. Aliubeba kutoka kwa baba mpaka kwa mume, akiyumbisha mabega kidogo njiani, na vigelegele vilipigwa zaidi kwake kuliko kwa mwenye harusi. Mikidadi aliona. Akaangalia pembeni, akamwambia mgeni aliyekuwa karibu naye kwamba ni mambo ya viungo.

Siku ya pili Mwaisha akarudi nyumbani kwake. Aliingia uani akasimama. Ua ulikuwa umefagiwa. Kuni zilikuwa zimepangwa ukutani kwa urefu. Chini ya mlimau palikuwa na bao jipya, limechongwa kwa gogo zima, na ardhi kulizunguka ilikuwa imekanyagwa na kuwa ngumu kama saruji, kama mahali palipokaa watu wengi kwa siku nyingi. Akawaita kuku. Aliacha kumi na mmoja. Walikuja wanne.

Bi Mwanaheri alikuwa ameketi juani, ameegemea ukuta. Mashavu yake yalikuwa yamejaa.

"Shikamoo mama. Hali yako?"

"Marahaba. Nzuri mno," alisema mama. "Mumeo ana mkono wa mchuzi, ulikuwa unajua? Anatia nazi na bizari, sijui alijifunzia wapi. Walikuwa wanakuja hapa kila siku, yeye na wenzake wote wa kijijini. Wanapika, wanacheza bao, wanaimba. Yunusi ana sauti. Nimekula kuku mwezi huu kuliko miaka kumi."

"Na maji nani alichota?"

"Walikuwa wanapokezana. Anayefungwa bao ndiye anayechota. Tulikuwa na maji ya kuogelea."

Mwaisha alikaa chini pembeni yake. Alifikiri kukasirika, akajaribu, haikuja vizuri.

Stambuli alirudi kutoka shambani, akamkuta mkewe jikoni amekwisha koka moto na kuweka chungu. Akaketi mlangoni, akaguna kama mtu aliyetoka vitani. "Tulipata tabu sana mke wangu," alisema. "Sitaki hata kukusimulia."

"Poleni sana," alisema Mwaisha. Alilitazama tumbo la mumewe, lililokuwa limeongezeka upana wa viganja viwili.

"Na wewe? Dawa ilikuwa kali?"

"Kali mno. Nilikuwa nalia kila asubuhi."

"Pole."

"Nimeshapoa."

Mchuzi ulianza kuchemka. Stambuli alivuta hewa puani, akasogea, akavuta tena. Kisha akanyoosha mkono, akauchukua mwiko, akachota kidogo, akaonja, akakunja uso kidogo kwa mawazo.

"Ungetangulia kukaanga kitunguu," alisema. "Na nazi isiingie mapema hivi, itakatika."

Mwaisha aliinuka. Kisha akajifuta mikono, akamwachia mwiko, akamsogezea na kigoda, akatoka kwenda kukaa na mama yake mahali penye jua.